Wifi Alipokuja Kukaa na Watoto

Wivu wangu wa kwanza katika habari hii haukumhusu wifi yangu. Ulimhusu mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa akija dukani kwangu kununua vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha safari.

Nina duka la dawa pale Nyamagana, nyuma ya mabenki. Kila likizo ya Juni ilipokaribia mama huyo aliingia, miwani ya jua imekaa kichwani, akaomba vidonge vya watu wawili. Mara ya kwanza nilimuuliza kama ni vya watoto, maana dozi zao ni tofauti. Akacheka. "Watoto wanabaki na bibi yao. Ni mimi na mzee tu." Mwaka ule walitembea nchi tatu. Mwaka uliofuata nchi nne. Akirudi ananionyesha picha kwenye simu: milima, makanisa ya zamani, treni. Picha iliyoniuma ilikuwa nyingine kabisa. Wao wawili wamekaa mezani, kahawa mbele yao, na hakuna mtu anayemwaga kitu. Nchi zake sikuzitamani sana. Niliitamani ile meza.

Mume wa mama huyo alikuwa mteja wa mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na karakana yake iko Mirongo. Kumbe mume wangu naye alikuwa akisikia habari zilezile kutoka upande wa pili, na kuumia kimyakimya kama mimi. Jumapili moja tulipotoka kanisani alichomoa kalenda ya mwaka uliopita ukutani, akaigeuza upande mweupe, akalichora ziwa.

"Tunaanzia hapa," alisema. "Kahama, Rusumo, tunaingia Rwanda. Kigali siku tatu. Kutoka hapo Kampala. Halafu Jinja, nataka nione Nile inavyotoka ziwani. Busia, Kisumu, Sirari, tunarudi nyumbani. Siku kumi na mbili, nchi tatu za watu, ziwa lote tumelizunguka."

Nimezaliwa kando ya ziwa hili, na nilikuwa nimeliona upande mmoja tu. Fungate yetu ilikuwa ya siku mbili, na siku ya pili aliitwa kwenda kutengeneza friji ya bucha. Nilimwambia nakubali kabla hajafunika kalamu.

"Na watoto?" niliuliza baadaye, nikiwa nimeshajiona niko Kigali, nimekaa, hakuna anayenivuta sketi.

Kalamu yake ilikuwa ikizunguka juu ya kisiwa. Nilikuwa sijakiona kile kisiwa. Ziwa hili lina visiwa vingi, lakini yeye alikuwa amechora kimoja tu, Ukerewe, na safari yetu haikupita huko.

"Tumwite dada," alisema.

Hapa lazima nieleze, maana bila hili nitaonekana mwanamke mbaya bila sababu, na mimi nina sababu.

Tuna watoto wawili wa kike. Wa kwanza alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo, wa pili mitano. Huyu wa pili tulimpa jina la shangazi yake, dada mkubwa wa mume wangu, aliyemlea mume wangu tangu mama yao alipofariki. Kwa hiyo mume wangu humwita binti yake "dada". Akirudi kazini humwamkia shikamoo, na mtoto hujibu marahaba kwa sauti nzito, nyumba nzima tunacheka. Mimi nilicheka kama wengine. Jina ni jina tu, niliona.

Wifi yangu hakujaliwa mtoto. Anaishi kisiwani na shamba lake la michungwa. Mtoto alipoacha kunyonya, alikuja kwetu Mkolani akiwa amevaa kitenge kipya, mkononi ana kuku mweupe, akakaa sebuleni na kuomba kama inavyoombwa kwao. Aliomba apewe wajina wake akamlee. Alisema taratibu, kwa heshima. Kwao si jambo geni, mtoto huenda kwa shangazi mwenye jina lake na hakuna anayesema amepotea. Mume wangu aliangalia sakafu. Nilimsubiri aseme, hakusema, basi nikasema mimi. Nilikataa, na sikukataa kwa upole. Nilimrudishia hadi kuku wake.

Tangu siku hiyo alikuja Krismasi tu, akaleta machungwa, akaondoka.

Sasa nilitakiwa kumwachia huyohuyo mtoto huyohuyo kwa siku kumi na mbili. Nilitafuta mtu mwingine, Mungu ananiona. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki. Msichana wa kazi alikuwa ameolewa. Jirani alikubali vizuri tu, hadi alipozisikia zile siku kumi na mbili. Mume wangu akapiga simu Ukerewe, na kutoka chumbani nikamsikia akicheka kicheko ambacho kwangu hakicheki, kile cha mdogo mtu.

Wifi alifika na meli ya Nansio, bandari ya kisiwani kwao, wiki moja na nusu kabla ya safari, ili watoto wamzoee. Alikuja na kapu la machungwa na begi moja dogo.

"Shikamoo wifi," nilisema.

"Marahaba, wifi yangu. Watoto wazima?"

Alikuwa anauliza kuhusu watoto, lakini macho yake yalishamwona mmoja. Yule wa mwisho alikuwa amejificha nyuma ya mlango, kidole mdomoni. Wifi hakumfuata wala hakumwita. Alikaa kwenye mkeka, akachukua chungwa, akalimenya ganda lote kwa mkupuo mmoja bila kukatika, akaliweka ganda kando kana kwamba halina kazi. Kabla chungwa halijaisha mtoto alikuwa amekaa pajani kwake, ganda amelivaa shingoni.

Nilisema moyoni: ameanza.

Mimi nilimwandalia wifi maelekezo. Kazi yangu ni kuandika kwenye bahasha za dawa, moja mara tatu, mbili mara mbili, baada ya chakula, basi niliwaandikia watoto wangu hivyohivyo, kurasa sita za daftari. Uji, kikombe kimoja, mara moja, asubuhi. Huyu mdogo hupenda kuukataa, abembelezwe. Wifi alilipokea daftari kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati. Sikumwona akilifungua. Asubuhi iliyofuata mtoto alikunywa uji vikombe viwili na hakubembelezwa na mtu.

Nilimwonea wivu. Nalisema wazi kwa sababu siku zile sikulisema, nililitafutia majina mengine. Nilisema anawaharibu. Nilisema ugali wake wa muhogo utawavimbisha matumbo, mimi niliyeolewa katika nyumba inayoula tangu zamani. Nilimsikia mtoto akitaja vitu kwa Kikerewe, moto, maji, kuku, na baba yake akimjibu kwa furaha, na mimi ambaye Kikerewe changu ni cha kusalimia tu nikasimama pale na sufuria mkononi kama mgeni. Mtoto alipojikwaa uani na kuchubuka goti, mimi nilikuwa karibu zaidi, hatua mbili. Alinipita. Alikimbilia kwa shangazi yake.

Mume wangu hakuona kitu. Yeye alikuwa amezama kwenye safari. Kila jioni ile kalenda ilitandikwa mezani. Alikuwa ameshapata jina la gesti ya Jinja ambayo ukifungua dirisha unaona mto. Alikata kitenge cha sare, shati lake na gauni langu, tupige picha tumefanana. Aliziweka pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano ndani ya mfuko mmoja wa kitambaa, maana alisikia Rwanda hawataki mifuko ya nailoni, na huo mfuko alikuwa akiukagua kama mtu anayeangalia kuku aliyeatamia. "Siku sita," alisema. "Siku tano." Mimi niliitikia, huku sikio langu liko chumba cha pili, wanakocheka.

Wazo la mazoezi lilikuwa langu. Nilimwambia tulale nje usiku mmoja, pale pale mjini, tuone watoto watakavyokuwa. Tukachukua chumba gesti moja Mirongo, jirani na karakana yake. Alifurahi, akadhani nimeianza fungate mapema. Akaninunulia samaki wa kuchoma na soda, akavua viatu, akaanza kunieleza tena habari za Nile.

Ukweli ni kwamba nilikwenda pale kusubiri simu. Nilitaka mtoto wangu alie. Nilitaka alie mpaka shangazi yake ashindwe, apige, aseme "wifi, njoo, mtoto anakutaka wewe." Niliiweka simu juu ya mto, kioo juu. Saa moja jioni ikapita. Saa mbili ilipokaribia nikapiga mwenyewe, nikasema nimesahau kueleza habari ya dawa ya mafua.

"Hana mafua," wifi alisema. Alikuwa akihema kidogo kama mtu anayetembea.

"Analia?"

"Nani alie? Watoto wako salama. Pumzikeni huko."

Mume wangu alisema, "Umeona? Dada ni dada." Nikamgeuzia mgongo, na soda yake ikabaki mezani mpaka gesi ikaisha.

Kesho yake, Jumamosi, nilimharakisha turudi. Bajaji ilitushusha getini kabla ya saa nne. Mtoto alikuwa amekaa uani juu ya kigoda, akanitazama, wala hakusimama.

"Mama! Mbona mmerudi sasa hivi? Shangazi alisema mtarudi jioni."

Kisha nikakiona kichwa chake. Kilikuwa kimesukwa twende kilioni, mistari myembamba iliyonyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni, mingi, sikuweza kuihesabu, ncha zote zimefungwa kwa uzi mweusi. Huyu mtoto mimi nikimsuka hulia tangu ninaposhika kitana. Sijawahi kuvuka mstari wa nne bila vita. Huenda shuleni na mafundo mawili makubwa kama masikio ya panya, na nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba ana kichwa chepesi, hasukiki.

"Ulilia?" nilimuuliza.

"Nililala," alisema. "Nimeamka nikakuta zimeisha."

Nilikaa chini, nikamvuta kati ya miguu yangu, nikachukua kitana chenye mkia. "Zimekubana," nilisema kwa sauti ya kusikika jikoni. "Utatoka vipele." Nikaanza kufumua.

Mtoto alilia. Hakulia kwa maumivu, maana kufumua hakuumi. Alilia akijishika kichwa, anasema "usizitoe, mama, usizitoe," na mimi niliendelea, mstari mmoja baada ya mwingine, uzi mweusi unaanguka kwenye sketi yangu. Wifi alitoka akasimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Alitazama tu. Mume wangu alikuwa bado getini anazungumza na mtu wa bajaji, alipoingia akauliza, "Mke wangu, unafanya nini?" na mimi nikafumua mstari mwingine.

Nilipofika katikati ya kichwa mikono yangu ilichoka yenyewe. Mtoto akanitoka, nusu ya nywele zimesimama, nusu bado nzuri, akaenda kujificha nyuma ya shangazi yake.

"Wifi," shangazi yake alisema, na hakupaza sauti. "Huyu mtoto nilimwomba mara moja tu. Ukakataa, nikaondoka na kuku wangu. Sijaomba tena. Safari hii mimi ndiye niliyeombwa."

Kisha akasema ataondoka na meli ya kesho mchana.

Mume wangu alimsihi, kwanza kwa Kiswahili ili nami nisikie, halafu kwa Kikerewe. Jioni aliikunja kalenda mara nne na kuiweka chini ya redio. Mfuko wa pasipoti aliurudisha kabatini, ukalala na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, vitu ambavyo havisafiri.

Jumapili asubuhi nilikuwa nafua. Nilitafuta khanga yangu ya njano, kuukuu, ninayojifunga nikipika, sikuiona kapuni. Chumba cha pili wifi alikuwa anapanga begi lake. Naona aibu kuandika nilichofikiri. Nilimwita binti yangu mkubwa, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama shangazi yake ameichukua.

"Iko kitandani kwa mdogo wangu," alisema.

"Imefikaje huko?"

Alisugua soksi moja muda mrefu. "Juzi mlipoondoka alilia sana, mama. Alikuwa anakutaka wewe. Shangazi akambeba mgongoni akazunguka naye nyumba nzima. Mdogo wangu akamkatalia, akasema wewe siyo mama. Ndipo shangazi akaenda kwenye kapu la nguo chafu akatoa khanga yako. Mimi nikampa nyingine iliyofuliwa, shangazi akasema hapana, iwe uliyovaa, yenye harufu yako. Akamfunika nayo, akalala. Ndiyo shangazi akamsuka amelala."

"Nilipopiga simu?"

"Alikuwa mgongoni kwake. Alimziba mdomo kidogo kwa mkono."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Shangazi alitukataza. Alisema mama yenu akijua mtoto amelia hatasafiri, na yeye hajawahi kusafiri."

Niliacha mikono ndani ya maji. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Alilia. Alinitaka mimi. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, na furaha ile ilikuwa mbaya, lakini ilikuwepo. Aibu ilikuja nyuma yake. Na baada ya aibu, amini usiamini, wivu ukarudi pale pale, maana nilijiuliza kama mimi ningejua kuchagua khanga chafu nikaacha safi. Nisingejua. Mimi ningempa dawa ya usingizi ya mitishamba, kijiko kimoja, mara moja, kabla ya kulala.

Nilijifuta mikono. Wifi alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kigoda, anafunga mdomo wa kapu lake kwa kamba. Kapu lilikuwa tupu, machungwa yote tulishayala. Nilichukua kitana chenye mkia na uzi mweusi, nikatandika mkeka mbele yake, nikakaa, nikampa mgongo. Nilivua kitambaa cha kichwa.

"Wifi," nilisema, "nisuke. Tunasafiri Jumatano."

Sikumwona uso, na pengine ndiyo maana niliweza. Nilisikia kamba ikizunguka mara moja, mara mbili. Baba watoto alisimama mlangoni, akarudi alikotoka. Muda ulipita mrefu, nikaanza kuona haya ya kukaa pale na kichwa changu wazi kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Kisha kapu likawekwa chini. Magoti yake yakaja huku na huku mwa mabega yangu. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vya mtu wa shamba, vikagawa nywele zangu katikati bila kuuliza nataka mtindo gani.

Mtoto akaja mbio, kichwa nusu hivi nusu vile, khanga ya njano inaburuzika nyuma yake.

"Mimi kwanza, shangazi! Mimi ndiye wajina!"

"Subiri," wifi alisema. "Leo zamu ya mama yako."

Mtoto akanuna. Akakaa mbele yangu amefunga mikono, ananitazama kwa jicho ninalolijua, kwa sababu ni langu.

Wifi alisuka. Alianzia paji la uso, na kila mstari aliuvuta zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Mstari wa pili macho yalinitoka maji. Wa tatu nikaisikia ngozi ya kichwa ikipanda. Hakuwa anakosea, nilikuwa nimekiona kichwa cha mtoto, najua mkono wake unavyoweza kuwa mwepesi.

"Zinabana?" aliniuliza alipofika katikati.

"Hapana, wifi," nilisema.

Akaendelea. Zilinibana mpaka Kigali.